Bwana wa Sipán na Vitu Vilivyokutwa Mahali Pake

Katika mji mdogo wa Lambayeque, pwani ya kaskazini mwa Peru, kuna jengo jekundu lenye umbo la piramidi iliyokatwa kichwa. Mgeni haingilii chini. Anapanda njia ndefu ya mteremko mpaka ghorofa ya juu, ndipo anapofunguliwa mlango na kuanza kushuka. Msanifu wake, Celso Prado Pastor, alikusudia iwe hivyo: mgeni ashuke kama walivyoshuka wachimbaji, tabaka baada ya tabaka, hadi amfikie mwenye kaburi. Makumbusho haya ya Makaburi ya Kifalme ya Sipán yalifunguliwa Novemba 2002.

Wengi huja kwa ajili ya dhahabu, na hawarudi na kiu. Lakini dhahabu ya kale ya Peru mtu anaweza kuiona Lima, anaweza kuiona New York, na nyingine imo kwenye makabati ya matajiri ambao hawapendi kutajwa. Utajiri wa Lambayeque ni wa namna nyingine. Hapa kila kipande kinajulikana kilikuwa upande gani wa mwili, chini ya nini, juu ya nini, na karibu na mifupa ya nani. Kwa mtu mwenye haraka hayo ni mambo ya makarani. Historia yote ya Sipán imesimama juu ya mambo hayo.

Waliochimba kaburi hilo zamani tunawaita Wamoche, kwa jina la mto mmoja wa nchi yao. Wao wenyewe walijiitaje hakuna aliyeandika, maana hawakuwa na maandishi. Walishika mabonde ya pwani ile tangu karne za kwanza baada ya Kristo hadi karibu mwaka 800, karne nyingi kabla ya Wainka kuinuka kule milimani. Nchi ni jangwa. Mvua inaweza kukosekana kwa miaka, kisha ule mgeuko wa hali ya hewa wa El Niño ukaja na mafuriko ya kubomoa kila kitu. Kinachowezesha maisha ni mito inayoteremka kutoka Andes na bahari baridi iliyojaa dagaa. Wamoche walikata mifereji mirefu, wakamwagilia mahindi, maharage, pamba, pilipili na karanga. Mawe ya kujengea hayakuwa karibu ila udongo ulikuwa tele, basi wakafyatua matofali mabichi na kuyakausha juani. Huaca del Sol, piramidi yao kubwa karibu na mji wa Trujillo, ilikula zaidi ya matofali milioni 100.

Piramidi za matofali mabichi hazizeeki vizuri. Mvua za El Niño huzichimba mifereji ubavuni, upepo huzilainisha, na baada ya miaka elfu moja mpita njia anaona kilima tu. Kwa makaburi yaliyomo ndani hiyo ilikuwa bahati. Bahati hiyo iliisha Wahispania walipofika.

Francisco Pizarro alimteka mfalme wa Wainka, Atahualpa, mjini Cajamarca mwezi Novemba 1532. Fidia aliyotoa Atahualpa ili aachiwe ilikuwa chumba kizima cha dhahabu na fedha. Taji, vikombe, sanamu na mabamba ya kupambia mahekalu viliingia tanuruni mwaka 1533, vikatoka mikuo yenye mihuri, dhahabu peke yake ikiwa takriban tani 6. Atahualpa akanyongwa hata hivyo. Fidia ilipokwisha kugawanywa, watu waligeukia wafu. Mwanzoni mwa karne ya 17, walowezi wa Trujillo waliona kuichimba Huaca del Sol kwa sururu ni kazi ndefu mno, wakaupindua mto Moche uioshe wenyewe. Sehemu kubwa ya piramidi ile ilikwenda na maji. Walichopata ndani kiliyeyushwa, nasi hatujui hata jina la mmoja wa waliozikwa humo.

Tangu hapo uchimbaji wa makaburi ukawa kazi ya kurithi katika vijiji vya pwani. Baba anamfundisha mwana kuchoma chuma kirefu ardhini na kusikiliza udongo: penye mchanga uliojazwa kwa mkono chuma huingia kirahisi. Siwezi kuwaita watu hao mashetani. Kijiji cha Sipán, kilomita 30 hivi kutoka mji wa Chiclayo, kimezungukwa na mashamba ya miwa. Katika miaka ya 1980 uchumi wa Peru ulikuwa unaporomoka na mshahara wa shambani haukufika mwisho wa mwezi. Nyuma ya kijiji palikuwa na vilima viwili vikubwa na kimoja kidogo, vyote pamoja vikiitwa Huaca Rajada. Bei ya mtungi mmoja wa Kimoche ilikuwa inajulikana na kila mtu.

Februari 1987, kundi la wachimbaji wa usiku liliingia katika kile kilima kidogo na kupenya ndani ya chumba cha mfalme. Walitoka na magunia. Kama kawaida waligombana wakati wa kugawana, na ugomvi huo ukaifikisha habari polisi. Polisi walimpigia simu Walter Alva, mkurugenzi wa Makumbusho ya Brüning pale Lambayeque, ambaye alikuwa kitandani akiugua kifua. Alitaka kuahirisha, amekwisha kuona mitungi iliyoibwa ya kutosha. Alipooneshwa kilichokamatwa alielewa kwamba hakuna mwanaakiolojia aliyewahi kukuta kaburi la namna ile.

Wakati huo kijiji kizima kilikuwa juu ya kilima na majembe na vichungio, watu wakichekecha udongo waliouacha wezi. Polisi wakawaondoa. Wiki chache baadaye, katika msako, mmoja wa viongozi wa kundi lile alipigwa risasi akafa, na hasira ya ndugu zake ikamwangukia Alva. Yeye na mwenzake Luis Chero Zurita walianza kuchimba bila fedha ya maana, wakilala juu ya kilima wakiwa na silaha, usiku wakisikia matusi na mawe kutoka gizani. Swali la wanakijiji lilikuwa zito na halikujibiwa kwa siku moja: kwa nini mtu wa mjini aruhusiwe kuchimba mababu zetu, sisi tukatazwe? Alva aliwajibu kwa vitendo zaidi kuliko kwa hotuba. Vijana wa kijijini wakaajiriwa kuchimba na kulinda.

Chumba kilichoporwa walikisafisha kwanza. Wakati huohuo waliupima mwili mzima wa kilima, wakagundua mahali ambapo matofali yalikuwa yamekatwa zamani na shimo kujazwa upya. Ndani ya mjazo huo walikuta kijumba chenye vyungu na mitungi 1,137, midogo mingi, yenye sura za watu waliokaa, wafungwa, wapiga ngoma, wanyama. Mtu mwenye haraka angevibeba na kuondoka. Wao walivichora kimoja kimoja vilivyokaa, kisha wakaendelea chini.

Mgeni wa makumbusho anakutana na aliyefuata kama walivyokutana naye wao. Ni mifupa ya mwanamume aliyelazwa chali, mwenye kofia ya shaba iliyopakwa dhahabu na ngao ya shaba kifuani. Hana nyayo. Miguu inaishia kwenye vifundo, imekatwa, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mlinzi huyu alinyimwa njia ya kuliacha lindo lake. Chini yake kulikuwa na mabaki ya boriti za paa, na chini ya boriti vipande vya shaba vilivyopangika kwa mistari. Ilichukua muda kutambua kwamba shaba hizo ni vifungo vya mbao zilizokwisha kuoza. Mbele yao palikuwa na jeneza.

Aliyelala ndani ya jeneza, anayeitwa leo Bwana wa Sipán, alikufa akiwa na miaka 35 hadi 45, kimo chake kama mita 1.67, na meno yake yalikuwa yamechakaa kidogo tu, kama ya mtu aliyelishwa chakula laini. Tarehe inayotajwa zaidi ya kifo chake ni karibu mwaka 250. Waliomzunguka walikuwa wanaume wawili wazima, mmoja akiwa na mbwa wake, wanawake watatu vijana, mtoto mmoja, lama, na juu kabisa, ndani ya kishubaka ukutani, mtu aliyeketi kama mlinzi wa doria. Mtaalamu wa mifupa John Verano aliona kwamba mifupa ya wanawake ilikuwa imeachana kwenye viungo kabla ya kuzikwa hapo. Walikuwa wamekufa zamani kuliko bwana wao, wakahifadhiwa mahali pengine, kisha wakaletwa kumsindikiza. Kama makaburi haya yangechanganywa na majembe ya usiku, wanawake hao wangehesabiwa miongoni mwa waliouawa siku ya mazishi, na sisi tungelisadiki hilo.

Vito vyenyewe vilipangwa juu yake tabaka kwa tabaka, kana kwamba alivikwa mavazi ya sherehe kadhaa, moja juu ya jingine. Kulikuwa na bendera za pamba zilizoshonewa mabamba ya shaba yenye ngozi ya dhahabu, vifuniko vya kifua vilivyotungwa kwa maelfu ya ushanga wa makombe, taji la dhahabu la umbo la mwezi mwandamo, ndara za shaba ambazo hakuna anayeweza kutembea nazo. Fimbo yake ya enzi ina kichwa cha dhahabu kilichochorwa askari akimpiga mfungwa. Makombe mekundu yenye miiba yaliletwa kutoka bahari ya joto ya Ekuador.

Mimi ningesimama muda mrefu zaidi mbele ya jozi za majasi. Ni visahani vya dhahabu na feruzi, vya namna ya vile mabibi wa mwambao wetu walivyokuwa wakivitia katika matundu ya masikio. Jozi moja ina askari wa dhahabu aliyesimama katikati ya kisahani, asiyezidi kidole gumba kwa urefu. Ameshika rungu na ngao. Kishaufu cha puani mwake kinacheza kikiguswa. Shingoni ana kidani cha vichwa vya bundi, kila kichwa kimetungwa peke yake kwenye uzi. Sonara aliyemfanya alimvika askari yule mapambo ya namna ileile iliyokutwa mwilini mwa Bwana, hadi majasi madogo masikioni. Kazi hiyo ilifanywa bila kioo cha kukuzia na bila zana ya chuma.

Kisha kuna karanga. Kidani kimoja kina nyuzi mbili za karanga kubwa kuliko za kweli, zilizofuliwa kwa bamba pamoja na mikunjo yote ya ganda: 10 za dhahabu na 10 za fedha. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu hapa, kwa kuwa karanga tunazokaanga na kufunga kwenye vipande vya magazeti asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno walizileta Afrika katika karne ya 16, zikaikuta njugu mawe ikiwa mwenyeji. Ila karanga za Sipán zina la kusema zaidi ya mapishi. Za dhahabu zilikuwa upande wa kulia wa mwili, za fedha upande wa kushoto. Katika mkono wa kulia wa maiti kulikuwa na kipande cha dhahabu, katika wa kushoto cha shaba. Mabamba ya kuning'inia kiunoni kwa nyuma yalikuwa mawili, moja la dhahabu na moja la fedha. Mpangilio huo ulirudiwa mara nyingi mno kuwa wa bahati tu. Ulimwengu wa Wamoche uligawanyika pande mbili, na mtawala alikuwa mstari wa katikati. Kingekuwa kimeuzwa sokoni, kidani hicho kingekatwa uzi na karanga zingekwenda moja moja.

Sehemu ya dhahabu inayong'aa katika vyumba hivyo, kwa kweli, ni shaba. Heather Lechtman wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts alichunguza vipande vya Kimoche na kuonyesha kwamba masonara wao waliweza kuyeyusha dhahabu katika maji ya chumvi kali na kuifanya itande juu ya shaba kwa utando mwembamba usiopimika kwa jicho. Ulaya ilipata upakaji wa aina hiyo karne nyingi baadaye, ikiwa na umeme. Vipande alivyovitumia Lechtman vilitoka Loma Negra, makaburi mengine ya kaskazini yaliyoporwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Maabara ilisema vilifanywaje. Vilikuwa vya nani, hakuna maabara inayoweza kusema.

Jambo kubwa kuliko yote lilitokea mbali na kilima. Christopher Donnan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa amekusanya kwa miaka mingi picha za vyombo vya Kimoche kutoka makumbusho na nyumba za watu duniani kote. Katika picha hizo aliona tukio moja likirudiwa. Wafungwa walio uchi wanakatwa koo, damu inakingwa, na kikombe kinapelekwa kwa mtu mkubwa anayetoa miali mwilini. Mtu huyo amevaa kofia yenye mwezi mwandamo, ana bamba la kuning'inia nyuma, na aghlabu mbwa yuko kando yake. Pamoja naye yuko kiumbe mwenye sura ya ndege, na wa tatu ni mwanamke. Wengi waliamini hizo ni habari za miungu. Donnan alipoona orodha ya vitu vya Sipán, vipande vilijipanga: mwezi wa kichwani, bamba la nyuma, majasi, hata mbwa. Mtu mkubwa wa kwenye michoro alikuwa amelala ndani ya jeneza.

Kaburi la pili la Sipán likamtoa mwenye sura ya ndege, kuhani aliyezikwa na taji la bundi na kikombe cha shaba. Mwaka 1991, katika makaburi mengine ya Kimoche huko San José de Moro, Donnan na Luis Jaime Castillo walimkuta mwanamke. Alikuwa na mapambo ya kichwa yaleyale ya michoro na kikombe kirefu. Katikati ya miaka ya 1990, Steve Bourget alichimba uwanja mmoja wa piramidi ya Huaca de la Luna na kukuta mifupa ya wanaume zaidi ya 70, wenye alama za vita na za visu shingoni, baadhi wakiwa wamezama katika tope lililokauka, tope la mvua za El Niño. Mbingu ilipoghadhibika, damu ilimwagwa. Makumbusho ya Lambayeque hayafichi jambo hili ila hulipitia kwa adabu, na yana ukumbi wa sanamu zinazotikisa vichwa kwa muziki, ukimwonyesha Bwana na baraza lake kama watu wa sherehe tu. Ukumbi ule ningeufunga. Mtu aliyekinywa kikombe kile hahitaji kupambwa zaidi.

Mwaka 2006 dhana moja zaidi ilianguka. Kule El Brujo, kusini ya Sipán, timu ya Régulo Franco ilifungua furushi la mazishi lililokuwa na marungu ya vita na mataji, wakategemea mwanamume. Alikuwa mwanamke kijana, mikono yake imechanjwa michoro ya nyoka na buibui. Huyu ndiye Bibi wa Cao. Ni wangapi wa namna yake wameandikwa "mfalme" kwa sababu marungu yao yalifika sokoni na mifupa haikufika?

Mali ya Sipán iliyotoka kwa magunia ilifuata njia yake. Baadhi ilipitia London na kuingia California, na mwaka 1988 maofisa wa forodha wa Marekani walikamata vitu katika nyumba za wakusanyaji. Peru ikaenda mahakamani Los Angeles kudai vitu 89 kutoka kwa mmoja wao. Hukumu ilitolewa mwaka 1989. Jaji alieleza kwamba anaionea Peru huruma, kisha akaamua dhidi yake. Sheria za Peru kuhusu umiliki hazikuwa wazi, na mashahidi hawakuweza kuthibitisha kwamba vitu vile vilichimbwa ndani ya mipaka ya Peru ya leo. Wamoche na jirani zao hawakujua mpaka wa Ekuador wala wa Bolivia. Kitu kilichong'olewa mahali pake hakikuweza hata kumwambia jaji kimetoka nchi gani. Mwaka uliofuata Marekani ilipiga marufuku kuingizwa kwa vitu vya Sipán, na mwaka 1997 nchi hizo mbili zikatiliana saini mapatano mapana zaidi.

Mwaka huohuo wa 1997, wafanyabiashara wawili wa Miami walitaka kuuza bamba la kiunoni la dhahabu, la namna ya yale ya Bwana, kwa dola milioni 1.6. Walilisafirisha kwa msaada wa mwanadiplomasia wa Panama, ili gari lisipekuliwe. Mnunuzi alikuwa askari kanzu wa FBI, na biashara ikaishia Philadelphia. Bamba likarudi Peru mwaka 1998, likapokewa kama shujaa.

Ni zuri, na linaaminika kuwa sehemu ya uporaji wa Februari 1987. Katika shimo la wezi, Alva na wenzake walikuta fimbo ya enzi ya shaba ambayo haikuwavutia waliotafuta dhahabu. Fimbo hiyo na bamba lile huenda vilikuwa vya mtu mmoja. Kama alikuwa kijana au mzee, kama dhahabu ilikuwa kulia kwake na fedha kushoto, kama alizikwa na wake zake au na mbwa tu, hayo yalikuwa yameandikwa kwenye udongo uliochekechwa usiku ule kijijini Sipán.